Mwizi Aliyeziba Ngoro

Methodi alikuwa na maoni yake juu ya wezi, na hakuwa mchoyo nayo. Ukimpa kiti na kikombe cha chai utayasikia, na usipompa utayasikia vilevile, amesimama. Mwizi, alikuwa akisema, ni mjinga, basi. Hata ubaya wenyewe hana, ni mtu tu asiyejua kesho kutakuwa na nini. Anaiba kuku wa kumla jioni moja, halafu anapoteza kijiji alichozaliwa. "Nionyesheni mwizi mwenye akili," alikuwa akisema, "nami nitawaonyesha mbuzi anayesali rozari."

Aliyekuwa akimpinga ni Swalehe, mwenye duka pale senta ya Matiri, ambaye babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akaoa huku juu, akasahau njia ya kurudi. Swalehe alishikilia kwamba wezi wana akili kuliko hata mwenyekiti; ugonjwa wao ni kujipenda. "Mwizi anajua fika kwamba utalala njaa, Mzee Methodi. Anajua, na anaona afadhali ulale wewe kuliko yeye." Walibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, kila Methodi aliposhuka kununua sabuni au chumvi, na wote wawili walifurahi. Ubishi wa namna hiyo ni mtamu, maana mwizi mwenyewe hayupo.

Tumjue basi huyu Methodi. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha huko huko Matiri, mtu wa kahawa na mahindi, amevuka sitini, mrefu, shingo imetangulia mbele kidogo. Hakuweza kupita penye mfereji ulioziba asiuzibue, hata kama mfereji si wake na yeye amevaa nguo za kanisani. Watu walimchagua, wakamchagua tena, kwa sababu alikuwa mkali na hakula cha mtu. Mkewe Ottilia, Mama Henry, alisikiliza maoni ya mumewe tangu walipooana, na jibu lake lilikuwa moja tu: "Haya." Mwanamke akikuambia "haya" kwa sauti ile, ujue hajakubali hata nusu.

Ilikuwa Kwaresima, mvua haijakata, wakati ule mbaya ambapo mahindi ya mwaka jana yamefika chini ya ghala na ya mwaka huu bado laini kwenye mabua. Serafina alifika kwa Methodi Jumatano asubuhi na mapema, matope hadi magotini. Shikamoo yenyewe aliitamka nusu. Mumewe alikuwa akipakia makaa ya mawe kule Ngaka na alikuja nyumbani alipokumbuka. Mteremko wao Serafina aliulima mwenyewe, akaupanda mwenyewe, watoto wanne wakimfuata nyuma. Sasa mtu amepita kule chini akachuma mstari mzima wa mahindi mabichi, yale aliyokuwa amewaahidi watoto kwamba wataanza kuyala wiki ijayo.

"Nawaambia nini wanangu, Mwenyekiti? Wangoje mwizi ashibe kwanza?"

Hakulia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Wako watu wenye huruma nyingi kwa wezi, na huruma si kitu kibaya, lakini wangeanza kwa kumtazama Serafina amesimama pale na mikono mitupu.

Kufika mchana, kitongoji kizima kilishamjua mwizi. Ni Cleopa, nani mwingine? Cleopa aliwahi kuiba kuku, akakamatwa na manyoya mfukoni, na siku ile Methodi alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa jinsi ushahidi wa ujinga ulivyokuja wenyewe. Kwa aibu Cleopa akateremkia ziwani, Liuli, akavuta nyavu za usipa, dagaa wa huko, kwa ajili ya watu wengine, akarudi Krismasi amekonda na mkimya. Tangu arudi hakuna aliyemwona akigusa cha mtu. Lakini jina likishachafuka halina dobi. Vijana wakaanza kusema waziwazi: uitwe mkutano Jumamosi afukuzwe, na kabla ya kufukuzwa atakula fimbo za kumsindikiza.

Methodi alitangaza mkutano. "Mwizi atatoka humu kitongojini mbele ya watu wote," alisema. Hakusema ni Cleopa, wala hakusema si Cleopa.

Baada ya hapo, Jumatano hiyohiyo, yeye na Ottilia wakaenda kuliona shamba.

Asiyejua ngoro afikirie mteremko mzima umejaa mashimo, shimo kando ya shimo, kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni yanatulia, udongo haukimbii, na mahindi yanasimama kwenye kingo zinazotenganisha shimo na shimo. Wamatengo wamelima hivyo tangu mababu, na kazi yenyewe imegawanywa. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa miraba. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya mraba na kuyafunika yale majani kwa udongo, ukingo unapatikana. Mwanaume hafuniki udongo, akijaribu anachekwa hadi ajute.

Sasa kule chini, mahindi yalipochumwa, ukingo mmoja ulikuwa umekanyagwa ukiwa mbichi, ukabomoka. Na ulikuwa umezibwa.

Methodi aliinama akatazama, akaanza kucheka. Mwizi alikuja kuiba, akateleza, akavunja ngoro ya watu, halafu badala ya kutimua mbio akafyeka majani ya pembeni, akayalaza, akafunika. Ni kweli kwamba kama angeuacha vile, mvua ya usiku ule ingepenya pale, ingelivunja shimo la chini yake, na la chini yake tena, na kufikia asubuhi mteremko wa Serafina ungekuwa mtoni. Lakini mwizi na mteremko wa Serafina wapi na wapi?

"Mjinga wa wajinga," Methodi alisema. "Anaiba, halafu anamlimia mwenye shamba."

Ottilia hakucheka. Alichuchumaa, akaupapasa ule ukingo. "Tazama majani yalivyolazwa," alisema.

Yalikuwa yamelazwa vizuri mno, ncha zote ndani, pembeni yamekatizana na kukazwa.

"Na udongo, je?"

Udongo ulikuwa umerundikwa mabonge mabonge, kisha ukagandamizwa kwa viganja kama mtu anayekandika ukuta.

"Hakuna mwanamke wa huku anayefunika hivi," Ottilia alisema. "Na hakuna kijana wa siku hizi anayelaza majani hivi. Cleopa hata ukimlipa hajui. Huyu ni mzee, Baba Henry. Mzee asiye na mke."

Kicheko kikamkauka Methodi mdomoni. Wazee wajane pale kitongojini walikuwa wawili, na mmoja wao hakuwa akitoka kitandani. Aliyebaki ni Egidi, katekista wa kigango, aliyewafundisha watoto wote wa pale sala zao, wa Methodi wakiwemo. Tangu ujana wao Egidi na Methodi walilaza majani bega kwa bega katika ngokela, ile kazi ya kuzungukiana, leo kwako kesho kwangu. Mwaka uliopita, msimu wa kuchimba ngoro, walimzika mke wa Egidi. Methodi ndiye aliyeshika upande mmoja wa jeneza.

Walirudi nyumbani bila kulitaja jina. Hakukuwa na haja.

Na hapa ndipo mwenyekiti wetu, mkali, mzibuaji wa mifereji, alipoanza kujipa sababu. Alijiambia majani si ushahidi. Alijiambia pengine kuna mzee amepita njia kutoka Namswea. Alijiambia katekista akianguka, kanisa zima litayumba, na watoto watasema nini? Siku ya pili yake akajikuta anamuuliza jirani, kama vile anauliza habari za mvua, eti Cleopa ameonekana akifunga mizigo? Akaona aibu kidogo baada ya kuuliza. Lakini alikuwa anatumaini. Kijana angeondoka mwenyewe kwenda zake ziwani, na jambo lingepoa.

Ijumaa walisali Njia ya Msalaba. Egidi ndiye aliyeongoza, kama kawaida, na sauti yake haikutetemeka. Cleopa alisimama nyuma karibu na mlango, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote. Methodi alipiga magoti na wenzake, akainuka na wenzake, asisikie hata neno moja. Walipotoka Ottilia alifunga kanga yake vizuri, akasema, "Kesho ni Jumamosi, Baba Henry."

Methodi akaenda kwa Egidi moja kwa moja.

Alimkuta amekaa mlangoni. Wajukuu wawili, walioachwa na mama yao aliyekwenda Songea kutafuta kazi, walikuwa nyuma ya nyumba na magunzi mikononi. Kutoka pale mlangoni shamba la Egidi lilionekana lote. Majani yalikuwa yamelazwa mteremko mzima, miraba imenyooka kabisa, na karibu yote hayakufunikwa udongo. Yalikuwa yamekauka na kupauka. Methodi alikuwa amepita njia ile tangu mwaka jana, ameyaona yale majani mara zisizo na idadi, akasema moyoni, mwenzangu ana msiba, atamalizia.

"Karibu," Egidi alisema. Kisha akasema, "Umekuja kwa sababu ya Serafina."

Methodi alikuwa amejiandaa kuzunguka, na sasa hakujua aanzie wapi. "Kwa nini hukuniambia, Egidi?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba huna chakula."

"Ungenipa."

"Ningekupa, ndiyo!"

"Najua. Ungenipa gunia zima. Ungelibeba mwenyewe mchana kweupe, na watu wangesema mwenyekiti wetu ana moyo. Halafu Jumapili nasimama mbele yenu nawafundisha nini?"

Maneno hayo yalimchoma Methodi, kwa sababu yalikuwa ya kweli, angelibeba mchana. "Basi ungeita ngokela," alisema. "Wanawake wangekuja kufunika."

"Ningewalisha nini? Ngokela bila chakula na togwa ni nini, kama si kuwaomba watu wajionee umaskini wangu?"

Zamani jambo hili lisingefika hapo. Zamani wanaume wa mlima mmoja walikula pamoja kwenye sengu, na kila nyumba ilileta chungu chake. Nyumba isiyoleta ilionekana siku ileile, na hakuna aliyelazimika kufungua mdomo kusema nina njaa. Sengu zilikufa polepole, hakuna aliyeziua. Siku hizi kila mtu anakula nyuma ya mlango wake, na mwenye sufuria tupu naye anafunga mlango, anagonga kijiko ili asikike kama anakula.

"Nilikwenda kwa ajili ya watoto," Egidi alisema. "Nilijiambia nachuma machache tu. Nikachuma mstari. Mkono ukishaanza hauulizi."

"Na ile ngoro?"

"Ngoro ipi?"

"Uliyoiziba."

Egidi alimtazama kama mtu anayeulizwa habari za nchi asiyoijua. Kisha akakumbuka. "Si ilikuwa imevunjika," alisema, basi, kana kwamba hilo linatosha.

Methodi alitaka kucheka, akashindwa. Mpaka hapo alikuwa bado upande wa rafiki yake. Njaa anaijua, aibu anaijua, mwenye njaa hana miiko. Lakini swali moja lilibaki, naye hakupenda kuliuliza.

"Na Cleopa?"

Egidi aligeuza uso kwenye mteremko wake. Mjukuu mmoja akaja kuchukua maji, akaondoka.

"Nilisikia wanamtaja," Egidi alisema. "Nilikwenda kanisani peke yangu, nikapiga magoti. Ungedhani nilikwenda kutubu. Nilikwenda kushukuru, Methodi. Nilishukuru kwamba wamepata mtu."

Methodi akasimama. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawa ya moto. Mahindi aliweza kuyaelewa, hili hakuliweza. "Wewe," alisema. "Wewe uliyewafundisha wanangu."

"Mimi huyohuyo."

"Kijana atapigwa kesho."

"Hatapigwa. Nitasimama niseme mwenyewe. Niachie hilo tu, usinitaje wewe. Niache niseme mwenyewe."

Methodi akakubali, akarudi nyumbani mwepesi. Ottilia alipomtazama alimwambia, "Atasema mwenyewe." Ottilia akasema, "Haya."

Jumamosi watu walijaa kwenye uwanja, pale wanapoanikia kahawa msimu ukifika. Vijana walikuja na fimbo, wakazilaza miguuni kama watu waliokuja kuchunga tu. Serafina alieleza kilichompata, kwa ufupi, bila kumtaja mtu. Cleopa alikuwa amekaa chini mbele peke yake.

"Kabla hatujaendelea," Methodi alisema, "yuko mwenye neno?"

Egidi alikuwa kwenye benchi la wazee, kofia magotini. Hakuinua uso.

Mtu akamsukuma Cleopa bega. "Sema wewe."

"Kuku niliiba," Cleopa alisema. "Mahindi sikuiba." Watu wakacheka, na mmoja akaokota fimbo yake.

"Nauliza tena," Methodi alisema. "Yuko mwenye neno?"

Egidi alikuwa akiizungusha ile kofia, polepole, ukingo hadi ukingo. Methodi akangoja. Na katika kungoja kule akaona jambo ambalo hakulitegemea: kunyamaza kulikuwa kutamu. Angenyamaza kidogo tu zaidi, na mambo yangekwenda yenyewe. Cleopa angeondoka, amezoea kuondoka, hana mke wala shamba. Egidi angebaki katekista. Serafina angeridhika. Hakuna ambaye angesema Methodi amefanya kosa, maana asingekuwa amefanya chochote, angekuwa ameuliza mara mbili mbele ya mashahidi, nani mwingine angefanya zaidi? Sababu zilikuja zenyewe, nzuri, zimevaa nguo safi. Wala hakuwa mjinga. Alijua hasa anachokifanya. Wala hakuwa anamchukia Cleopa. Alikuwa anaogopa tu. Akajiona jana alivyosimama mbele ya Egidi, masikio ya moto.

Kijana mwenye fimbo akapiga hatua.

"Cleopa hakuiba," Methodi alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Cleopa hakuiba. Nimelijua hilo tangu Jumatano."

Serafina ndiye aliyeuliza, naye alilivuta kila neno. "Umelijua tangu Jumatano, Mwenyekiti, na ukanyamaza?"

"Nimelijua, nikanyamaza."

"Na mkutano huu ukauacha uendelee?"

"Nikauacha."

"Basi ni nani?"

Benchi la wazee lilitoa mlio. Egidi alikuwa amesimama, kofia imeanguka chini. "Ni mimi, Mama," alisema.

Hakuna aliyemgusa. Yule kijana aliyepiga hatua alitafuta mahali pa kuweka fimbo yake, akaishia kuiegemea kama mkongojo. Inafaa kulisema hili bila kulipamba: aliyekana walikuwa tayari kumpasua, mbele ya aliyekiri wakaangalia chini. Wazee wakaanza kukohoa. Mmoja akasema jambo hili lipelekwe kwa padri, lizungumzwe ndani kwa ndani, mtu mzima ni mtu mzima. Ilipokuwa zamu ya Cleopa, hakuna aliyekumbuka kwamba jambo laweza kuzungumzwa ndani.

Serafina alimwendea Egidi hadi karibu. Watu walidhani atampiga kofi, na pengine hata yeye alidhani hivyo.

"Mahindi yangu utayalipa ukivuna," alisema. "Na ili uvune, wiki ijayo sisi wanawake tutakuja kulifunika shamba lako, lote, upate pa kupanda. Usinishukuru. Sitaki tu uje tena kwangu." Akageuka akawakusanya watoto wake, akaondoka, akapotelea kwenye migomba.

Watu wakatawanyika kwa makundi madogo madogo, bila kelele. Ottilia akaiokota kofia ya Egidi, akamkung'utia vumbi, akamshika mkono kumrudisha kwake. Methodi alibaki anakusanya mabenchi ambayo si kazi yake kuyakusanya. Alipoinua kichwa alimwona Cleopa amesimama mbele yake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

Cleopa hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka anayetaka kujua kitu kimoja kabla hajaenda kulala.

"Uliuliza mara mbili," alisema. "Mara zote mbili nilikuwa nakutazama usoni, nikaona unajua. Wangenipiga ile fimbo ya kwanza, ungesema?"

Methodi alifungua mdomo kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa pale pale, nyepesi, na kijana angeipokea. Akaliweka benchi chini.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Cleopa akaitikia kwa kichwa, akashika upande wa pili wa benchi, wakalibeba.